Uso Hauoshwi kwa Picha ya Jani

Mada iliyo mezani ni hii: sabuni ya uso iliyotokana na mimea, ile inayosifiwa kuwa si kali, inamsaidia mtu mwenye chunusi au inammalizia pesa tu? Nimeigawa katika sauti nne, maana ndivyo mambo ya ngozi yanavyojadiliwa kwetu. Saluni wanasema, dukani wanasema, barazani wanasema, na kila apitaye ana neno juu ya uso usio wake. Wasemaji nimewatunga mimi. Hoja ni zile zile zinazosikika kila siku.

Yupo Binti, mwanachuo wa Dar es Salaam, chupa yake mkononi. Yupo Shangazi yake wa Unguja, somo aliyewapamba maharusi wasio na idadi. Yupo Mama Sabuni, mjasiriamali anayepika sabuni za mimea na kuziuza kwenye maonyesho. Na yupo Mfamasia wa Kariakoo. Mimi nimejipa kazi ya kukatiza.

BINTI: Shikamooni. Tangu kidato cha tatu uso wangu haujatulia. Nilianza na sabuni ya mche, kwa sababu nyumbani tuliambiwa ndiyo inayokausha mafuta. Ikakausha kweli. Nikitoka bafuni ngozi inavuta, nikicheka nahisi kama itapasuka. Nikipaka mafuta ya nazi uso usipauke, haichukui siku nyingi paji lote linajaa vipele. Nikaingia kwenye dodoki, nikasugua. Nikaingia kwenye ndimu. Ndimu ikanichonyota, na juu yake ikaniachia madoa meusi ambayo mpaka leo nayafunika kwa poda. Mwenzangu wa bwenini ndiye aliyenionyesha hii chupa. Ina picha ya jani la mwarobaini na alovera, imeandikwa ni ya mimea, ni laini, haina sabuni ndani. Nimeacha mengine yote natumia hii. Uso hauvuti tena, chunusi zimepungua, ila hazijaisha. Shangazi anasema nimeibiwa.

SHANGAZI: Marahaba mwanangu. Sikusema umeibiwa. Nimesema umenunua kwa bei ya dukani kitu kilichoota nyuma ya nyumba yenu. Mwarobaini upo, mshubiri upo. Sisi bibi arusi tunamfukiza, tunamsinga, tunamsagia liwa kwenye jiwe kwa maji ya mawaridi, tunampaka, anatulia nayo. Singo yetu ina asumini, ina mlangilangi, ina mpacholi, ina karafuu. Anatoka hapo ngozi laini mpaka mama yake anashangaa. Wala hakuna aliyetuandikia kwenye chupa kwamba kitu hiki ni laini. Ulaini ulikuwa mkononi mwa anayepaka.

MFAMASIA: Shikamoo bi mkubwa. Singo mwilini sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni singo kwenye uso wenye chunusi. Karafuu ina eujenoli, kitu hicho hicho madaktari wa meno wanachokitumia. Ni kizuri, lakini kwa watu wengine kinaamsha mzio, ndiyo maana nchi za Umoja wa Ulaya zinamlazimisha mtengenezaji kukitaja kwa jina kwenye lebo. Mdalasini nao hauko mbali. Ngozi iliyokwisha kuvimba ukiipaka viungo vya pilau, isipokasirika ushukuru.

SHANGAZI: Karafuu tumepaka tangu zama za masultani, na nyuso zetu ndizo hizi, zitazame.

MFAMASIA: Nazitazama, na nazisifu. Lakini wale walioharibika hawakai barazani kujionyesha, bi mkubwa.

Hapo nikatize, kwa sababu wote wanne wataendelea kubishana juu ya kuosha bila kuuliza kinachooshwa ni nini. Chunusi si uchafu. Kila unywele usoni unaota ndani ya kijifuko, na pembeni mwa kijifuko ipo tezi inayotoa mafuta. Homoni za kubalehe zinaiamuru tezi izidishe. Wakati huo huo seli zilizokufa ndani ya kijifuko, badala ya kutoka moja moja, zinashikana na kuziba mdomo. Nyuma ya kizibo hicho bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye siku zote ni mkazi wa ngozi, anapata chakula na nafasi, na mwili unajibu kwa kuvimba. Hata kile kidoa cheusi cha puani, ambacho watu hukikamua mbele ya kioo, si vumbi. Ni mafuta na seli zenye rangi ya ngozi, vikikutana na hewa. Takriban asilimia 85 ya watu wenye umri wa miaka 12 hadi 24 hupatwa na chunusi kwa kiwango fulani. Kwa hiyo hadithi za damu chafu, za karanga, na ile ya kwamba binti atapona akiolewa, tuziache zipite.

MAMA SABUNI: Kama si uchafu, dokta, basi tunaosha nini? Maana ukishasema hivyo umetufungia biashara sisi sote, mimi na huyo mwenye chupa.

MFAMASIA: Tunaosha jasho, vumbi, vipodozi na mafuta ya juu, ili ngozi isilemewe na ili dawa, kama ipo, ifike inapotakiwa. Mara mbili kwa siku, na ukitoka jasho jingi unaongeza. Ndivyo wanavyoshauri hata madaktari wa ngozi wa Marekani. Kuosha hakufiki ndani ya kijifuko ambako shughuli yenyewe inafanyika. Kazi ya kwanza ya sabuni ya uso ni kutoa kinachopaswa kutoka bila kuubomoa ukuta wa ngozi. Ukali hauongezi uponyaji. Dodoki hali kadhalika. Unasugua kitu kilichoziba kwa ndani, unachopata ni mchubuko kwa nje.

MAMA SABUNI: Sawa. Basi tazama hii yangu. Mafuta ya nazi, mwani wa Paje uliosagwa, unga wa mwarobaini. Hakuna kemikali. Mimea mitupu.

Mfamasia hakujibu kwa maneno. Alitoa kibunda cha karatasi za kupimia pH, akaomba bakuli nne na maji, akakoroga kidogo kidogo: sabuni ya mche, kipande cha Mama Sabuni, sabuni nyeusi ya Afrika Magharibi, na tone la chupa ya Binti. Karatasi tatu za kwanza ziligeuka kijani kilichoiva, zikaelekea buluu. Ya nne ilibaki njano yenye wekundu kidogo.

MFAMASIA: Hizi tatu ziko kati ya 9 na 10. Ngozi ya uso inapenda kukaa karibu na 5. Na hizi namba msizione ndogo: kila hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo kutoka 5 kwenda 10 ni mara laki moja. Mama, hujakosea kitu kwenye upishi wako. Sabuni yoyote ya kweli, ikipikwa kwa mafuta na kostiki, inatua hapo. Ndiyo tabia yake.

MAMA SABUNI: Ile nyeusi je? Ile haina kostiki hata chembe. Ni majivu ya maganda ya ndizi na ya kakao.

MFAMASIA: Na majivu ndiyo kostiki ya mababu. Yakilowekwa yanatoa magadi ya potasi, na hayo ndiyo yanayoyageuza mafuta kuwa sabuni. Nikuongeze jingine: hii sabuni ya mche tunayofulia sare za shule, mafuta yake kwa kawaida ni ya mawese. Mawese si mmea? Kama sifa ni kuwa ya mimea, basi nayo iandikwe hivyo, ichorwe na mchikichi.

BINTI: (akicheka) Kwa hiyo nilikuwa na sabuni ya mimea tangu mwanzo.

Nadhani hapa ndipo mjadala wote ulipo, na ndiyo sababu nimeukalia. Maneno mawili yamefungwa pamoja kwenye lebo, «ya mimea» na «laini», mpaka tumeamini la kwanza linazaa la pili. Halizai. Upupu ni mmea. Ndimu ni mmea, na ina pH ya karibu 2, na maganda yake yana furanokumarini, kemikali zinazoamshwa na jua mpaka ngozi iungue pale zilipogusa. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, kila palipoungua au kuvimba hubaki doa, na doa hilo linaweza kukaa miezi. Binti hakuwa na bahati mbaya. Alipaka ndimu akatoka kwenda chuo saa nne asubuhi, jua la Dar likamalizia.

MAMA SABUNI: Nisikilizeni na mimi, msinifanye mshtakiwa. Nilipojifunza kupika sabuni tulifundishwa kuacha sehemu ya mafuta isiyokutana na kostiki, ili sabuni isikaushe. Wateja wangu wananishukuru. Na kama tatizo ni hiyo namba, si natia ndimu kidogo kwenye sufuria?

MFAMASIA: Mafuta ya ziada yanasaidia, sikatai, sabuni yako ni ya upole kuliko ya mche. Ila namba haishuki kwa hilo. Na ukitia asidi ya kutosha kuishusha, sabuni inavunjika, inarudi kuwa mafuta, utabaki na uji. Iuze kwa mwili, kwa mikono, kwa miguu, nami nitanunua. Usoni penye chunusi ndipo nakuomba usiipeleke.

MAMA SABUNI: Na hiyo chupa ya binti imeshukaje mpaka 5, kama si kemikali tupu za kizungu?

MFAMASIA: Kwa sababu ndani hamna sabuni. Binti, soma majina ya kwanza matano.

BINTI: Maji. Koko-glukosaidi. Gliserini. Kokamidopropili betaini. Halafu… feno… fenoksiethanoli.

MFAMASIA: Kinachotoa povu hapo ni hizo mbili zenye «koko». Koko ni nazi. Ya kwanza imetokana na mafuta ya nazi yaliyounganishwa na sukari ya glukosi, ambayo mara nyingi hutoka kwenye wanga wa mahindi. Ya pili ni nazi pia, ila imetembea kiwandani zaidi. Zinabeba uchafu bila kupandisha namba. Basi ndiyo, hiyo chupa ni ya mimea kweli kweli, lakini mimea yake ni nazi na mahindi, wala si hilo jani lililochorwa.

SHANGAZI: Khaa! Nazi tena? Yaani nazi inatoka kwetu inakwenda huko inarudi imevaa koti?

MFAMASIA: Ndivyo, bi mkubwa.

BINTI: Na mwarobaini wangu uko wapi?

MFAMASIA: Endelea kusoma. Baada ya fenoksiethanoli.

BINTI: Upo. Mwisho kabisa, baada ya alovera.

MFAMASIA: Kanuni ya lebo ni kwamba vitu hupangwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, mpaka ufike asilimia 1, chini ya hapo mtengenezaji anavipanga apendavyo. Fenoksiethanoli ni kihifadhi, na Ulaya hakiruhusiwi kuzidi asilimia 1. Basi kilichoandikwa nyuma yake hakiwezi kuwa kingi. Jani ni kubwa kwenye lebo kuliko lilivyo kwenye chupa.

Msomaji mwenye chupa ndani aende akaisome sasa hivi, nitamngoja. Utafute kihifadhi kilipo, kisha uone ua, tunda au jani ulilouziwa limekaa mbele yake au nyuma. Halafu maneno «haizibi vinyweleo» na «ni ya asili» yasikutishe. Hata Marekani hakuna maana ya kisheria iliyowekwa kwa maneno hayo kwenye vipodozi. Majaribio ya mwanzo ya kutambua kinachoziba vinyweleo yalifanywa kwenye masikio ya sungura, na ngozi ya sikio la sungura huziba upesi kuliko uso wa mtu.

BINTI: Lakini uso hauvuti. Hilo sijalisoma kwenye lebo, nalihisi.

MFAMASIA: Na unahisi kweli. Kwenu mnatumia maji gani?

BINTI: Ya kisima. Yana chumvi, sabuni haitoi povu vizuri mpaka uhangaike.

MFAMASIA: Basi hapo ulikuwa unapigwa mara mbili. Maji hayo yana chokaa nyingi, na chokaa ikikutana na sabuni ya kweli inatengeneza utando mweupe, ule unaobaki kwenye beseni. Utando huo huo ulikuwa unabaki usoni. Hicho kitoa povu cha nazi hakitengenezi utando. Kwa mtu wa maji ya kisima, nadhani hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote, na hakuna tangazo linaloitaja.

MAMA SABUNI: Haya, nimekubali la povu. Lakini usitudharaulie mimea, dokta. Mwarobaini unaua bakteria, watu wamepima. Na ule mti wa chai wa Australia?

MFAMASIA: Huo nauheshimu. Mwaka 1990 madaktari wa Australia waliwagawa wagonjwa 124, wengine wakapewa jeli ya mafuta ya mti huo ya asilimia 5, wengine dawa ya benzoili peroksaidi ya asilimia 5. Pande zote mbili zilipata nafuu. Mti ulichelewa kufanya kazi, lakini uliwasumbua watu kidogo kuliko dawa. Wala si majani yetu ya chai ya Mufindi, ni mti mwingine kabisa.

MAMA SABUNI: Basi si nimeshinda!

MFAMASIA: Ungeshinda kama ingekuwa sabuni. Ilikuwa jeli, inapakwa inakaa. Sabuni ya uso inakaa nusu dakika halafu inakwenda na maji kwenye karo. Mwarobaini uliopimwa maabara unakaa na bakteria kwa saa nyingi kwenye kisahani. Wa kwenye chupa haupewi hata muda wa kusalimiana naye. Na mafuta ya mti wa chai yakikaa wazi yakazeeka, yenyewe yanageuka kisababishi cha mzio. Hata hiyo betaini ya nazi, kwa upole wake wote, wataalamu wa mzio wa ngozi wa Marekani waliitangaza kisababishi cha mzio cha mwaka 2004. Hakuna kitu kinachokubaliwa na kila ngozi.

SHANGAZI: Ndiyo nikasema tangu mwanzo, tuchume tutengeneze wenyewe. Alovera mbichi, majani ya mwarobaini, unasaga, unatia kwenye chupa, unaosha mwezi mzima.

MFAMASIA: Mwezi mzima hapana, bi mkubwa. Kitu chenye maji kisicho na kihifadhi, kwa joto la Unguja, baada ya siku chache ni bustani ya vijidudu, na wewe unakimimina kwenye vidonda vidogo vya uso. Na alovera ina yale maji ya njano chini ya ganda, yanawasha.

SHANGAZI: Hilo usinifundishe! Jani likikatwa unalisimamisha, yachuruzike mpaka yaishe, ndipo umenye uchukue ute. Nilikuwa nalifanya kabla mama yako hajaolewa.

MFAMASIA: Basi hapo wewe ndiye mwalimu. Ute huo, mbichi, wa siku hiyo hiyo, ukiupaka kwenye mkono kwanza na usipowasha, sina la kusema.

Nimeliacha jibizano hili lote kwa makusudi. Elimu ya Shangazi haikuwa orodha ya majani tu. Ilikuwa na utaratibu. Liwa ilisagwa siku ya kupakwa, jani lilichuruzishwa, mkono haukusugua. Tulipoyahamishia majani kwenye chupa tuliuacha utaratibu nyuma, na dodoki likaingia mahali pa mkono.

MFAMASIA: Sasa Binti, swali gumu. Umesema chunusi zimepungua. Umejuaje ni chupa?

BINTI: Kwa sababu kabla ya chupa hazikupungua.

MFAMASIA: Ulipoanza chupa uliacha nini?

BINTI: Sabuni ya mche. Dodoki. Ndimu… Na mafuta ya nazi usoni, nayo niliacha.

MFAMASIA: Mambo manne siku moja. Mafuta ya nazi peke yake yangetosha kwa kesi nzima. Mwaka 1970 madaktari watatu, Plewig, Fulton na Kligman, waliandika juu ya chunusi za mafuta ya nywele: wanaume weusi wa Marekani waliopaka mafuta mazito kichwani, vipele vikawajaa pajini na pembeni mwa uso, pale mafuta yanaposhukia. Kichwani je, unapaka nini?

BINTI: Mafuta ya nywele ya kawaida. Na usiku nafunga kilemba.

MFAMASIA: Basi paji lako tumelipata. Tena chunusi zina majira yake, zinapanda na kushuka zenyewe. Ndiyo maana kwenye majaribio ya dawa, hata wanaopewa jeli isiyo na dawa huwa wengine wanapata nafuu. Ukitaka kuijua chupa, badilisha kitu kimoja, usiongeze kingine, na uipe wiki nane. Kabla ya hapo ipake sehemu ndogo ya mkono kwa wiki nzima uone kama inawasha.

MAMA SABUNI: Niseme moja ambalo nyote hamjalisema. Mnaijadili chupa kana kwamba iko peke yake. Wasichana wanaokuja kwenye meza yangu, wengi wanatumia dawa za chunusi mlizowauzia nyinyi maduka ya dawa. Dawa inakausha, inachubua. Halafu wanaosha kwa sabuni ya mche. Wiki mbili uso umekuwa magamba, wanatupa dawa, wanasema haifai. Hao wakipata sabuni ya upole wanaivumilia dawa mpaka inafanya kazi. Chupa ya binti haitibu, sawa. Lakini inamfanya mtu afike mwisho wa dozi. Hiyo si tiba?

MFAMASIA: Nakubali bila sharti. Na sisi wa madukani hatuulizi: unaosha kwa nini? Tunapima, tunapokea pesa, mteja anakwenda.

Hoja ya Mama Sabuni ndiyo iliyonishawishi kuliko zote, na sikuitegemea kutoka kwake. Dawa zenye ushahidi zinajulikana: benzoili peroksaidi, adapalini, asidi salisiliki ya kati ya asilimia 0.5 na 2. Hii ya mwisho ukoo wake ni gome la mti, kwani ilianzia kwenye dawa za mwiluu, mti wa Ulaya, ingawa leo viwanda vinaitengeneza bila gome. Zote zinachukua wiki nyingi, na zote zinakausha. Anayeosha kwa ukali hafiki huko.

BINTI: Kuna mwenzangu chupa yake pia ina picha za mimea, karoti na papai. Yeye chunusi zimeisha ndani ya siku chache, na amekuwa mweupe.

Wote watatu walisema «mkorogo» kwa pamoja.

MFAMASIA: Kitu kinachofuta vipele kwa siku tatu na kung'arisha juu yake, mara nyingi kimetiwa steroidi, betamethasoni au klobetasoli. Inazima uvimbe haraka, mtu anafurahi. Miezi michache, ngozi imekuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na zinakuja chunusi mpya za steroidi yenyewe, mbaya kuliko za mwanzo. Akiacha ghafla uso unawaka moto. Hapo ndipo neno «mimea» linapoua. Usiangalie karoti, angalia alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Vipodozi viko chini yao tangu 2019. Na isiyo na orodha ya viambato kabisa, usiiguse.

SHANGAZI: Mwambie mwenzio aje kwangu, nitamsema.

MAMA SABUNI: Mwambie aende hospitali, bi mkubwa. Kusemwa atasemwa baadaye.

Sasa niamue, kwa kuwa mada haikuwekwa mezani ili iliwe na kuachwa sahani. Binti hakuibiwa. Chupa yake inastahili pesa yake kwa sababu ya kitoa povu chake na kwa sababu orodha yake haina manukato ya kuamsha mzio, na ingestahili vivyo hivyo kama lebo ingekuwa nyeupe tupu. Akiipata nyingine ya bei nafuu yenye vitoa povu hivyo hivyo bila jani lolote, anunue hiyo. Aendelee nayo asubuhi na usiku, kwa vidole, bila dodoki. Mafuta ya nywele yasishuke pajini, na kilemba cha usiku kifuliwe. Madoa ya ndimu hayatoki kwa kuoshwa. Yanahitaji muda na kinga ya jua. Na kama vipele vya pajini ni vidogo, vinafanana vyote, vinawasha, huenda si chunusi kabisa bali kuvu wa ngozi anayependa joto na jasho, ambaye dawa yake ni nyingine.

Mama Sabuni aendelee kupika. Ila kwenye kipande chake aandike «ya mwili».

Kwa wewe msomaji ambaye chunusi zako ni mafundo yanayouma, yanayoacha mashimo, wiki nane za kujaribu chupa hazikuhusu. Kila wiki unayosubiri inaongeza kovu ambalo hakuna sabuni itakayolitoa. Kituo cha mafunzo ya tiba ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, kinaandaa wataalamu wa ngozi tangu 1992, wa Tanzania na wa nchi nyingine za Afrika. Ulizia kliniki ya ngozi kwenye hospitali ya mkoa wako, uende na chupa zote unazotumia kwenye mfuko mmoja, pamoja na ile usiyotaka daktari aione.